Ketoni za Silili Katika Nchi ya Manemane

Ketoni za silili, ambazo wanakemia huziita pia asilisilani, ni misombo ambamo atomi ya silikoni imeunganishwa moja kwa moja na kaboni ya kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu na ambayo ndiyo inayoifanya ketoni yoyote kuwa ketoni. Ketoni ya kawaida, kama asetoni inayouzwa madukani kwa ajili ya kuondolea rangi ya kucha, ina kaboni pande zote mbili za kundi hilo. Ketoni ya silili imepokonywa kaboni ya upande mmoja ikapewa silikoni, na badiliko hilo moja linatosha kuitia rangi, kuifanya idhuriwe na mwanga, ivunjike mbele ya besi, na, jambo linalohusu zaidi kumbukumbu hizi, ikatae kuundwa kwa njia nyepesi zinazozaa ketoni nyingine. Njia za kuiunda zimekuwa zikitafutwa tangu mwaka 1957, na kila njia iliyopatikana imeacha alama ya mahali ilipobuniwa.

Isiolo si mahali ambapo mtu angetarajia kuzisoma njia hizo. Ni mji wa njiapanda, ambapo barabara itokayo Nairobi na Nanyuki inamaliza kushuka miteremko ya Mlima Kenya na kuingia tambarare kame kabla ya kuelekea Archers Post, Marsabit na Moyale, na sifa zake ni soko la mifugo, kambi za jeshi, na magunia ya utomvu wa miti yanayoletwa kutoka pande za Merti na Garba Tula. Hata hivyo ndiko mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyesomea kemia ogani, yaani kemia ya misombo ya kaboni, kabla ya kupelekwa kufundisha katika shule moja ya sekondari ya huko, alikozisoma upya taratibu za maabara alizokuwa amezinakili akiwa mwanafunzi. Na usomaji huo wa pili ulimfunulia jambo ambalo maabara yenye friji, mitungi ya gesi na maji yasiyokatika ilikuwa imelificha, kwamba kila utaratibu wa kikemia una tabianchi yake ndani yake, na kwamba mazao ya asilimia kadhaa yanayotangazwa mwishoni mwa utaratibu hayasemi lolote kuhusu kile ambacho utaratibu huo umekidai kwa mazingira.

Mfano ulio wazi zaidi ni maneno mawili yanayopatikana karibu katika kila utaratibu, joto la chumba. Kwa aliyeandika akiwa Toronto au Boston maneno hayo yana maana ya takriban nyuzi 20 za Selsiasi, nayo hupita bila kuelezwa. Etha, kiyeyushi ambacho kemia ya lithiamu na ya magnesiamu imekitegemea kwa zaidi ya karne moja, huchemka kwa nyuzi 34.6 katika usawa wa bahari. Lakini mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa huo, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, etha huko huchemka kwenye nyuzi 31 hivi, joto ambalo mchana wa Februari hulifikia bila taabu. Kiyeyushi ambacho mwandishi wa utaratibu alikimimina bila wasiwasi kingekuwa kinatokota chenyewe juu ya meza, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa na huwaka upesi, ungetambaa sakafuni ukitafuta moto. Wanafunzi wa kidato cha nne, ambao hawakuwa na haja ya etha, walilikuta jambo lilo hilo kwa njia ya maji: kipimajoto kilipokataa kupita nyuzi 96 ilhali maji yanachemka mbele yao, walikilaumu kipimajoto, kwa sababu kitabu kilisema 100, na ilibidi somo la siku hiyo liache kemia na kuingia jiografia.

Ugumu wa kuziunda ketoni za silili hauanzi na hali ya hewa, bali unaanza na silikoni yenyewe. Elementi hii iko chini ya kaboni katika jedwali la elementi, na mwanzoni mwa karne ya 20 Frederic Kipping wa Nottingham alitumaini kwamba ingeweza kuchukua nafasi ya kaboni ndani ya kabonili, ikashikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Alichokipata badala yake ni minyororo mirefu ya silikoni na oksijeni zinazopokezana kwa vifungo vya kawaida, kwa sababu silikoni hupenda kushikana na oksijeni kwa vifungo vingi vilivyo imara kuliko kwa kimoja kilicho maradufu. Mapenzi hayo kwa oksijeni ndiyo yaliyoifanya silikoni ya ardhini ipatikane karibu yote ikiwa silika na madini ya jamii yake, ule mchanga unaojaza laga, yaani mito ya msimu ya kaskazini mwa Kenya, na ndiyo pia yanayoihatarisha ketoni ya silili: mwaka 1958 Adrian Brook, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Toronto, alieleza jinsi silikoni iliyo jirani na oksijeni yenye chaji hasi inavyoihama kaboni na kuhamia kwenye oksijeni hiyo, mmenyuko ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mkemia anayetaka ketoni ya silili, kwa hiyo, anataka kuiweka silikoni hatua moja tu kutoka kwa oksijeni inayoitamani, kisha aizuie isihame.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Brook mwenyewe alikuwa ameiunda ya kwanza, na namna alivyoiunda inaonyesha kwamba aliielewa hatari hiyo. Hakujaribu kuitia silikoni kwenye kabonili iliyokwisha kuwapo. Alianza na msombo ambamo silikoni ilikuwa tayari imeshikana na kaboni tulivu isiyo na oksijeni, akaziondoa hidrojeni mbili za kaboni hiyo na kutia bromini mbili mahali pake, kisha akaziondoa bromini hizo kwa asetati ya fedha na maji, ndipo kabonili ikatokea mahali zilipokuwa. Kundi lililokuwa hatarini lilizaliwa katika hatua ya mwisho kabisa, na karibu kila njia nzuri iliyofuata imeishika kanuni hiyo ya kuchelewesha.

Njia iliyokuja kujulikana zaidi ni ya dithiani. Dithiani ni pete ya atomi sita, nne za kaboni na mbili za salfa, ambamo kaboni moja imekaa katikati ya salfa mbili. Kaboni hiyo hapo mwanzo ilikuwa kabonili ya aldehidi, nayo imefunikwa kwa salfa ili isitambulike. Faida ya ufuniko huu ni kwamba hidrojeni iliyobaki juu ya kaboni hiyo inaweza kuondolewa kwa butili ya lithiamu, besi kali sana, na kaboni ambayo kwa desturi huvutia elektroni ikageuka kuwa yenye kuzitoa, hali ambayo kabonili isiyofunikwa haiwezi kuvumilia. Ikikutanishwa na klorosilani, msombo wenye silikoni iliyofungwa kwa klorini, kaboni hiyo huichukua silikoni mara moja, na kilichobaki ni kuondoa salfa. E. J. Corey na Dieter Seebach walikuwa wameonyesha uwezo wa dithiani mwaka 1965, na mwaka 1967 makundi mawili, la Brook Toronto na la Corey Harvard, yalichapisha karibu wakati mmoja matumizi yake katika kuunda ketoni za silili.

Mwandishi aliifahamu njia hii kwa mikono yake akiwa mwanafunzi, na kumbukumbu aliyobaki nayo kuihusu ni ya rangi. Ketoni za kawaida, mradi hazina pete za benzini au vifungo maradufu vya karibu, hazina rangi, kwa maana mwanga zinaoumeza ni wa urujuanimno, wa mawimbi ya karibu nanomita 280, usioonekana kwa jicho. Silikoni inapokuwa jirani, elektroni za kabonili husogezwa kiasi kwamba mwanga unaomezwa hufikia nanomita 370 na zaidi, ukingoni mwa yale ambayo jicho huyaona, na chupa hugeuka ya manjano. Katika karatasi ya mwanga wa infraredi, ambayo huonyesha mitetemo ya vifungo, kilele cha kabonili kilichotarajiwa karibu na mawimbi 1710 kwa sentimita kilikutwa karibu na 1640, na mtu aliyekwisha kukiona hapo hawezi tena kuichanganya ketoni ya silili na nyingine yoyote. Chupa hiyo ilivikwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mwanga huohuo unaoipa rangi huweza kuifanya silikoni ihamie kwenye oksijeni na kuiacha kaboni ikiwa kabini, yaani kaboni yenye vifungo viwili tu na yenye njaa ya kushika chochote kilicho karibu. Tabia hiyo, ambayo zamani ilionekana kuwa hasara, siku hizi inatafutwa kwa makusudi na wanakemia wanaotumia taa za kawaida kuanzisha mimenyuko. Isiolo, iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta, ina mwanga wa namna hiyo kwa wingi kuliko inavyouhitaji.

Lakini dithiani ina madai mawili ambayo karatasi za kitaaluma huyapitia haraka. La kwanza ni baridi. Butili ya lithiamu kwa kawaida hutumiwa katika chombo kilichozungushiwa barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Kenya imejaliwa gesi hiyo kiasili, kwa kuwa huchimbwa ardhini Kereita, katika Kaunti ya Kiambu, na hakuna sababu ya mtu kuilalamikia nchi kwa upande huo. Tatizo ni kwamba barafu kavu hugeuka moja kwa moja kuwa gesi, hivyo sanduku lililojazwa Nairobi huwasili Isiolo, safari ya kilomita zipatazo 285, likiwa limepungua, na linaendelea kupungua wakati mwalimu anaandaa vyombo.

Dai la pili ni zito zaidi. Katika utaratibu wa mwaka 1967, na katika mwingi uliofuata kwa miaka mingi, salfa iliondolewa kwa kloridi ya zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na salfa kwa nguvu kuliko karibu kitu kingine chochote kilicho rahisi kupatikana. Kila molekuli ya ketoni iliyopatikana iliacha nyuma yake zebaki, na utaratibu ulioandikwa katika mji wenye kampuni za kukusanya taka za sumu haukuona haja ya kueleza zebaki hiyo inapelekwa wapi. Swali hilo lina jibu la kijiografia. Mto Isiolo humwagikia Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro, baada ya kupita Archers Post na Merti, huishia katika kinamasi cha Lorian. Ni katika miaka ya mafuriko tu ndipo maji yake huendelea mbele kuelekea Somalia. Bahari haiyapokei maji hayo katika mwaka wa kawaida. Kinachomwagwa katika sinki la Isiolo hubaki katika nchi ya wafugaji, ndani ya udongo unaootesha nyasi za ukame, na zebaki haiozi. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013, lakini hata bila mkataba, mtu aliyewahi kuona ng'ombe wakipelekwa Lorian wakati wa kiangazi hahitaji kushawishiwa. Mwaka 1989 Gilbert Stork na Kang Zhao walionyesha kwamba dithiani zinaweza kufunguliwa kwa msombo wa iodini badala ya zebaki, na kwa maoni ya mwandishi hatua hiyo, ambayo vitabu huitaja kwa sentensi moja, ina thamani kubwa kuliko ongezeko lolote la mazao.

Njia zinazoanzia upande wa pili, yaani zinazotumia silikoni yenye chaji hasi kuishambulia asidi iliyofanywa kuwa kloridi, zinaonekana fupi katika karatasi na ndefu katika chupa. Silili ya lithiamu huipa kloridi hiyo silikoni na kuifanya ketoni ya silili, kisha, bila kuambiwa, huishambulia ketoni iliyozaliwa punde na kuiharibu. Miaka ya 1980 ilileta tiba mbili, ya kwanza ikiwa ni kuipunguza ukali silili kwa kuifunga na shaba, na ya pili ikiwa ni kuiacha lithiamu kabisa na kutumia disilani, msombo wenye silikoni mbili zilizoshikana, pamoja na paladiamu kama kichocheo. Tiba iliyo nadhifu zaidi ilitoka katika kundi la Karl Scheidt, Chuo Kikuu cha Northwestern, mwaka 2004: badala ya kloridi hutumiwa amidi ya mofolini, ambayo, baada ya kuipokea silikoni, huishikilia lithiamu kati ya oksijeni zake kama ngamia aliyefungwa goti, na kabonili haitokei mpaka maji yatiwe mwishoni, wakati ambapo hakuna tena silili iliyobaki ya kuishambulia. Kuhusu njia ya kuoksidisha alkoholi zenye silikoni yatosha kusema kwamba vioksidishaji vikali vya kromiamu huelekea kukivunja kifungo cha kaboni na silikoni, na ni vile vya upole, kama cha Daniel Swern, ndivyo vinavyofaa.

Mwanafunzi mmoja, mtoto wa familia inayokusanya utomvu, aliwahi kuuliza kwa nini ketoni itafutwe kwa taabu yote hiyo ilhali miti inatoa. Swali lilikuwa la haki kuliko muulizaji alivyojua. Manemane, ambayo Wasomali huiita malmal, ina ketoni za familia ya seskwiterpeni, misombo ya kaboni 15, miongoni mwao furanodienoni na kurzerenoni, na mwaka 1982 A. Maradufu alichapisha katika jarida la Phytochemistry uchunguzi wa misombo ya namna hiyo kutoka miti ya jenasi ya Commiphora. Hagar, utomvu wa Commiphora holtziana ambao wafugaji huupaka mifugo ili kufukuza kupe, ulichunguzwa katika jarida hilohilo mwaka 2008 na kuonekana kuwa kweli una nguvu dhidi ya kupe wa ng'ombe. Kemia ogani ya Afrika Mashariki imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maswali ya aina hii, na mtandao wa watafiti wa mazao asilia wa NAPRECA, ulioanzishwa mwaka 1984, ni ushahidi wa uchaguzi huo. Wako wanaouona uchaguzi huo kuwa wa kujinyima, kana kwamba kuchunguza utomvu ni kazi ya asiye na gesi ya agoni wala barafu kavu; mwandishi, aliyewahi kuwa na maoni karibu na hayo, haoni tena hivyo, kwa kuwa kiini cha hoja ni kile kile: mti wa Commiphora huunda ketoni ya kaboni 15 kwenye nyuzi 35, kwa maji machache ya laga, wala hauachi zebaki.

Hata hivyo jibu alilopewa mwanafunzi lilikuwa kwamba mti hauwezi hii moja. Nyasi hubeba silika katika majani yake, na hutajwa kuwa sababu mojawapo ya kuisha kwa meno ya mifugo, lakini silika hiyo ni silikoni na oksijeni; kifungo cha kaboni na silikoni hakijulikani kuundwa na kiumbe chochote porini. Ni mwaka 2016 ambapo kundi la Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia miaka miwili baadaye, lilichukua protini ya bakteria wa chemchemi za maji moto za Iceland, Rhodothermus marinus, na kuifunza kwa mabadiliko ya vizazi kadhaa vya maabara kukifunga kifungo hicho ndani ya maji. Ketoni za silili hazikuwa lengo la kazi hiyo. Kwa sasa mchanga wa laga na utomvu wa kando yake hukutana ndani ya chupa za binadamu tu, na kwanza mchanga hupitia tanuri la umeme ili utolewe oksijeni, kisha silikoni iliyopatikana hupitishiwa kloridi ya methili juu ya shaba, kwa njia iliyogunduliwa na Eugene Rochow Marekani na Richard Müller Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Ikiwa basi njia zipimwe kutoka Isiolo, ile inayostahili kutangulizwa si ya dithiani wala ya paladiamu, bali ni ile iliyoonyeshwa na Alfred Hassner na John Soderquist mwaka 1977 na kurahisishwa na Miller na Zweifel mwaka 1981, ambayo vitabu vingi huiweka pembeni. Huanza na alkini, msombo wenye kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu, ambao mwisho wake mmoja umetiwa silili. Borani, msombo wa boroni na hidrojeni, hujiongeza juu ya vifungo hivyo na boroni huchagua kaboni iliyo jirani na silikoni. Kisha boroni huondolewa kwa oksidi ya trimethilamini, isiyo na ukali wa besi, kwa kuwa sodiamu hidroksidi ya desturi ingeing'oa silikoni. Baridi inayohitajika ni ya barafu ya maji, ambayo hata friji ya duka la soda inaweza kuitoa. Kiyeyushi ni tetrahidrofurani, ambacho hakichemki mpaka kipite nyuzi 60 hata katika mwinuko wa Isiolo. Gesi kavu bado inahitajika, na mtungi mmoja wa nitrojeni unatosha. Kinachobaki mwishoni ni asidi ya boriki na amini yenye harufu ya samaki.

Njia hiyo ina mpaka wake, kwa sababu kaboni inayofuata baada ya kabonili lazima ibaki na hidrojeni mbili, na kwa hiyo ketoni za silili ambazo kabonili yake imegusana na pete ya benzini, ikiwemo ile ya kwanza kabisa ya Brook, haziwezi kupatikana kwayo. Mwenye haja nazo hana budi kurudi kwenye amidi ya mofolini, au kwenye dithiani akiifungua kwa iodini, na njia zote mbili humrudisha kwenye barafu kavu. Kazi hiyo ni afadhali ifanyiwe Nairobi.